Siku Nilipowapa Wageni Maji Matupu

Koboko, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umenisalimu na mswaki mdomoni, nikakuitikia, na sasa uko kwa shangazi yako, nyumba ya nne kutoka hapa, unaagana nao. Namjua shangazi yako, hakuachii kabla ya magharibi, na hakuachii bila kukulisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa mbili hivi, nina daftari lako la zamani la shule lenye kurasa zilizobaki, na nina sufuria jikoni. Ukiona mstari umekatika katikati, ujue nimekimbilia moto.

Mambo ya safari nimeshayasema mpaka umechoka. Ukae upande gani wa lori, karatasi zako uzifunge wapi, askari wa mpakani uwajibu kwa adabu na usicheke nao, dawa ya homa, chumvi. Jana uliniambia, "Mama, hiyo umesema mara ya tano." Haya, ya sita haipo. Leo naandika kitu ambacho sijakisema hata mara moja. Miaka mitatu kimenikaa kooni. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua mama yako: nikianza kusema jambo la kunitia aibu, naishia kukugombeza wewe. Karatasi angalau sitaigombeza.

Ninachopika ni shira ya karkade, ile ya sharbati nyekundu. Nimeyaloweka yale maua makavu tangu asubuhi, ulipokuwa unafunga mzigo, na maji yake yametoka mekundu, yanaacha alama hata kwenye kucha. Na nina sukari, Zaituni. Sukari kilo nzima, nyeupe, haina mchanga. Usiniulize imetoka wapi, nitafika hapo. Vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji ya karkade, kipande cha tangawizi, iliki nne za kupondwa, kama alivyofanya bibi yako kule kambini Arua. Unakoroga mpaka sukari iyeyuke, halafu mwiko unautoa na huurudishi tena. Ukiikoroga shira inapochemka, inaganda na kurudi kuwa chengachenga, na hapo hata ulie namna gani hairudi. Mwishoni unakamua ndimu. Haya yote unayajua kuliko mimi. Ulikuwa unayajua ukiwa na miaka kumi. Ila hujaishika sufuria ya shira tangu Idd ile, na mimi sijakulazimisha, na sote wawili tunajifanya ni kwa sababu sukari imepotea madukani.

Nianze na Idd ile basi.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Baba yako alikuwa amepanda cheo jeshini mwaka uleule, na nyumba yetu ilijaa watu ambao zamani hawakujua hata mlango wetu uko upande gani. Sukari ilikuwa sukari, ilikuja kwa gunia kutoka kambini. Nilikuwa nimekaanga kaimati za watu arobaini, na sufuria kubwa ya shira ilikuwa jikoni inachemka kwa ajili yake. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na hina mbichi mikononi. Hina! Mke wa afande, bwana, lazima awe na hina nyeusi siku ya Idd, na nilichelewa kupaka kwa sababu nilitaka yule fundi wa Kinubi aliyekuwa akisifiwa mji mzima. Nikasikia shira inaanza kunuka kuungua. Sikutaka kuharibu hina. Nikakuita wewe.

Ulisema, "Mama, ni nzito."

Nikasema, "Beba, we mvivu!"

Ndivyo nilivyosema. Wewe pengine hukumbuki, maana maumivu yanafuta mengi, lakini mimi nakumbuka hata sauti yangu ilivyokuwa. Uliishika kwa kitambaa, ikakuinamia, ikakumwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo cha mkono. Mtungi wa maji ulikuwa hatua tatu. Ningekumwagia maji, maji tu, maji mengi. Badala yake nilishika kanga nikakupangusa, na shira ni kitu cha kunata, Zaituni, ikaja na ngozi. Nilikuwa nakufuta huku nalia, na hina yangu mbichi inakupaka mkono mzima. Daktari kule Arua aliuliza ile rangi ni ya nini. Nilificha mikono yangu chini ya kanga.

Wageni walipouliza, nilisema, "Amejimwagia." Neno hilo limetembea Koboko nzima mpaka leo. Zaituni alijimwagia shira. Wewe mwenyewe nimekusikia ukilisema. Hukujimwagia. Mimi ndiye niliyekubebesha sufuria ya mtu mzima ili hina yangu ikauke.

Tangu hapo umevaa mikono mirefu. Jua la kiangazi hapa linachoma mpaka mbuzi wanatafuta pa kujificha, na wewe mikono mirefu. Nilikushonea mwenyewe. Nilidhani nakusaidia.

Nimekwenda kutazama moto. Inachemka polepole, mapovu madogomadogo, vizuri.

Sasa jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Baada ya Wahindi kuondoka na maduka kubaki na makufuli, sukari ilianza kuwa kitu cha kunong'onezwa. Sisi bado tulipata kwa sababu ya baba yako. Halafu akahamishwa, akapelekwa kusini mbali, na mgawo ukakatika. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimezoea kuwa yule mwanamke ambaye kwake chai haikosi utamu. Nikawa natembea sokoni kichwa juu, mtu akilalamika sukari imeadimika nami nanyamaza, natabasamu kidogo, waelewe wenyewe. Ujinga wa namna hiyo una kazi nyingi sana, mwanangu, unachosha kuliko kulima.

Unamkumbuka Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani, aliyekuwa na mumewe wakiuza vitenge na sabuni, na Jumapili wanaimba nyumba nzima mpaka paa linatetemeka. Siku moja alikuja mlangoni na bakuli. Nilikuwa bado nina debe lenye sukari robo, ya mwisho. Akaniambia, "Mama Zaituni, sukari iko? Mutoto anatapika tangu jana, nataka kumutilia kidogo kwa chai."

Nikamwambia, "Iko kwisha, dada. Kwisha kabisa."

Akatazama chini. Mimi pia nikatazama. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kizingitini mpaka chumbani kwangu, kila mmoja na chembe yake. Mama Furaha akasema, "Asante, mama," akaondoka na bakuli lake. Mtoto alipona, Mungu ni mkubwa. Lakini mimi kuanzia siku ile nilipita mbele ya mlango wake nikiwa nimeinamisha uso.

Miezi mitatu baadaye watu wa Manibe walituma neno. Rajabu, yule kijana uliyekutana naye Arua ulipokaa kwa mama yako mdogo, anataka wazee wake waje kubisha hodi kwetu. Sikuwahi kukuona na furaha ya namna ile. Ulifagia uwanja mara tatu. Uliimba, na wewe si mtu wa kuimba. Baba yako alijibu kwa barua kwamba kama ni watu wa maana tuwapokee, na baba yako mkubwa, aliyekuwa mgonjwa kitandani, akasema nianze mimi, mazungumzo ya wanaume yatafuata.

Na unajua desturi ya nyumba yetu, tangu kwa bibi yako. Wageni wa hodi ya kwanza hawaambiwi ndiyo wala hapana. Wanaletewa glasi. Ikiwa nyumba imewapenda, sharbati nyekundu. Ikiwa haikuwapenda, maji matupu, wanakunywa, wanashukuru, wanakwenda zao, na hakuna aliyetukanwa. Watu wa huku wanaijua desturi hii, na wale wa Manibe waliijua.

Siku yenyewe niliamka nikakwangua debe. Hakukuwa na kitu, vumbi la sukari la kujaza kijiko, na sisimizi wawili waliokufa. Nilikuwa nimejiambia wiki nzima kwamba lori la baba yako litakuja. Nilitoka kwenda kwa Mama Furaha. Nilijua anayo, watu wake walikuwa wakivuka mpaka kila wiki. Nilifika mpaka kwenye uzio wake, mkono wangu ukiwa juu ya mti wa mlango. Nikamsikia anacheka ndani na dada yake. Nikajua, hapana, sikujua, nilijiambia kwamba ananicheka mimi na debe langu. Nikageuka. Hatua ngapi pale mpaka kwetu? Hata hamsini hazifiki. Katika hatua hizo nilikuuza, mwanangu.

Walikuja watatu. Mjomba wake Rajabu, mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma. Mama yake. Na shangazi mmoja aliyekuja na kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe, akakiweka miguuni pake. Niliwakaribisha vizuri. Nilikuwa nazo zile glasi zangu za maua, sita, hata moja haijavunjika. Nikazijaza maji ya mtungini na nikazileta kwenye sinia.

Mzee akaitazama glasi. Akanitazama mimi. Akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, "Mama, karibu ya nyumba hii ni hii?"

Alinipa nafasi, unaona. Alinifungulia mlango kabisa. Ningesema tu, "Baba, sukari hakuna, hatujaiona miezi miwili, lakini moyo upo." Wangecheka. Nani alikuwa na sukari mwaka ule? Lakini mbele ya macho yangu niliona wakirudi Manibe na kusimulia kwamba mke wa yule afande wa Koboko hana hata kijiko. Nikasema, "Ndiyo hii."

Wakanywa. Wakashukuru. Yule shangazi akachukua kikapu chake, wakaondoka.

Ulitoka nyuma ya pazia macho yanang'aa. "Mama, wamesema nini?" Nikasema watafikiri. Ukangoja. Wiki ya kwanza ulikuwa unatoka nje kila lori linaposimama. Wiki ya tatu ulikuwa umekaa hapa hapa nilipokaa mimi sasa, unachambua mchele, ukauliza bila kuinua kichwa, "Ni mkono, si ndiyo?"

Nikanyamaza.

Ungenipiga kwa mwiko ningeona sawa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, hapana. Si mkono. Ni mama yako. Sikulisema. Nilinyanyuka nikaenda kutazama kuku, eti. Na wewe ukauchukua ukimya wangu ukaufanya jibu, na umeishi nalo miaka mitatu. Rajabu akaoa huko Aroi mwaka uliofuata, ukasikia, ukasema "Heri yao," ukaendelea kufua.

Nisubiri.

Nimerudi. Imefika. Nimetia tone kwenye sahani baridi, halikutawanyika, nikaepua mwenyewe kwa vitambaa viwili. Mikono yangu haina hina tena, nadhani umeona, tangu Idd ile sijapaka. Hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Mwezi uliopita nilikuaga nakwenda Aru, ng'ambo ya mpaka, kutazama nyumba utakayokaa. Nyumba nilitazama, ni nzuri, mwenyewe ni Mama Furaha, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nilipofika kwake, kabla hata ya kuketi, nilimwambia, "Siku ile sukari ilikuwepo." Nilikuwa nimeibeba sentensi hiyo njia nzima, lori linaruka mashimo nami nairudia. Akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika mlango. "Mama Zaituni! Mimi niliona sisimizi. Kila mutu angeona. Miaka yote hii unabeba hiyo?" Nikamwambia pia habari ya siku ya wageni, jinsi nilivyofika kwenye uzio wake nikageuka. Hapo hakucheka. Alisema, "Sukari ilikuwa iko, dada. Ilikuwa iko nyingi." Jana ndiyo ameniletea hii kilo, kwa mkono wa dereva, imefungwa kwenye gazeti. Ndiyo inayopoa jikoni sasa.

Wakati wa kurudi niliteremka Manibe. Sikukuambia. Niliuliza njia mpaka nikaifikia nyumba, nikamkuta mama yake Rajabu anaanika muhogo. Alinijua mara moja, na uso wake ukakunjamana. Nilimwambia nikiwa nimesimama palepale juani, kwamba hatukuwakataa, kwamba siku ile nyumba yangu haikuwa na sukari na niliona haya kusema.

Aliuweka chini muhogo aliokuwa ameushika. Halafu akasema, "Sukari? Kwa sababu ya sukari?" Akaketi chini, kwenye mkeka, katikati ya muhogo. "Mama, sisi tulibeba sukari. Kile kikapu. Tuliitafuta wiki nzima ng'ambo, kilo mbili, iwe zawadi ya mama wa msichana. Ungetuletea sharbati tungekifunua. Uliposema ndiyo hii, tulirudi nacho."

Zaituni, ilikuwa miguuni pake. Hatua moja kutoka kwenye sinia langu. Nimeliwaza hilo kila usiku tangu nirudi, na sijui nilifanyeje.

Lakini si hilo ninalotaka uondoke nalo. Nilimuuliza. Nilijikaza nikamuuliza waziwazi, mkono wa binti yangu uliwasumbua? Akanishangaa. Akasema Rajabu aliwaketisha usiku wa kuamkia safari, akawaambia, "Yule msichana mkono wake mmoja umeungua. Nimeuona bombani alipokunja nguo kuteka maji. Mkifika msiutazametazame mkamtia haya." Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, nimeyaandika usiku uleule nisije nikayageuza. Aliuona kabla ya kuwatuma. Aliuona, halafu akawatuma.

Ana mke sasa na watoto wawili, na hatutamsumbua mtu. Sikuandikii ili ulie juu yake, ingawa ukilia una haki. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili iliyopita.

Nilikuambia alichosema sista wa hospitali ya Aru, unakokwenda kusomea, kwamba wanafunzi wa ukunga wanavaa gauni jeupe la mikono mifupi, juu ya kiwiko, na hakuna ruhusa, kwa sababu ya usafi. Ukasema sawa. Usiku nikakusikia unatoa nguo kwenye sanduku na kuzirudisha. Asubuhi ukaniambia, "Labda nisiende, mama. Wewe utabaki na nani?"

Na mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Maana nitabaki na nani kweli? Baba yako barua yake ya mwisho uliisoma wewe, mistari minne, na mvua mbili zimepita tangu hapo. Jirani wa upande ule amehamia ng'ambo, wa upande huu hatuongei. Nimeshajaribu kichwani kupika ugali wa mtu mmoja na sijui nitie unga kiasi gani. Naogopa saa za jioni. Naogopa kuita "Zaituni, leta kibiriti" na nyumba isinijibu. Nikaona, nikinyamaza tena kidogo tu, kama nilivyonyamaza siku ya mchele, utabaki. Mkono wako utakubakiza hapa na mimi, nami sitakuwa nimesema uongo wowote. Siku tatu nilikaa na wazo hilo. Nilikupikia vizuri siku zile, uliona? Nilikuwa nakuhonga.

Ndipo ikaja sukari ya Mama Furaha na yule dereva. Akanikabidhi akasema, "Anasema nikwambie, sukari iko." Nikaketi nayo mapajani. Nikakuona unapita uwanjani na ndoo, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, jasho linakutoka. Nikajiambia, mwanamke wewe, mara hii hapana.

Basi nenda. Nenda ukawe mkunga. Nilikuzaa chini ya mikono ya mwanamke ambaye sura yake siikumbuki, lakini mikono yake naikumbuka mpaka leo, ilikuwa na kovu refu la jembe na ilikuwa na joto. Sikuwahi kujiuliza kovu lile lilitoka wapi. Niliishika tu.

Ushauri sina mwingi, maana umeona mwenyewe nilivyoutumia. Ukiwa huna kitu, sema huna, sema mapema, na kwa sauti ya kawaida. Na mimi nikikuandikia huko kwamba sijambo, niko sawa, usiniamini moja kwa moja. Niulize mara ya pili. Nitajitahidi kujibu kweli mara ya pili.

Chupa mbili ni zako, nimezichemsha na kuziba kwa magunzi ya mahindi yaliyofungwa kitambaa. Moja mpe Mama Furaha kabla hujavua viatu. Ya pili ni yako, mimina kidogo kwenye maji, vidole viwili, usiwe mchoyo. Iliyobaki ni glasi moja. Nitaiweka mezani kesho alfajiri, kwenye glasi ile ya maua. Mimi nitakuwa jikoni. Ukiwa na hasira nami, na utakuwa nayo, usijilazimishe kuja kuniaga. Kunywa, chukua sanduku, lori litapiga honi, nitasikia mlango. Nitajua umekunywa, na hilo litanitosha mpaka utakapopenda kurudi.

Neno la mwisho, na hapa usinipigie kelele. Gauni lako la njano la safari nimelikata mikono. Nimelipinda vizuri juu ya kiwiko na nimelishona kwa mkono, mshono unaujua, wa kwangu. Liko kitandani kwako na barua hii juu yake. Mikono yenyewe sijaitupa. Nimeikunja ndani ya mfuko wa gauni pamoja na sindano na uzi wa njano. Ukifika njiani ukaona huwezi, utairudishia. Mara hii sikulazimishi kubeba kitu. Mkono ni wako.

Mimi mama yako,
niliyekubebesha sufuria